Kidonge cha presha, homoni inayokaza mishipa, na diklofenaki ya msimu wa korosho

Presha ikipanda, wengi hulaumu moyo. Mara nyingi kinachotakiwa kuangaliwa ni vishipa vidogo vilivyojikaza.

Mkazaji mkubwa ni homoni iitwayo anjiotensini ya 2, peptidi (mnyororo mfupi) ya asidi amino 8, yaani vijenzi vya protini. Hutengenezwa hivi: ini hutoa protini ndefu. Figo ikihisi msukumo wa damu umeshuka humwaga renini, ambayo hukata kutoka kwenye protini hiyo kipande cha asidi amino 10. Kipande hicho hakina makali mpaka kimeng'enya, ambacho kimejaa kwenye mishipa ya mapafu, kikinyofoe 2 za mwisho. Hapo homoni hushika kipokezi kwenye msuli wa mshipa, kalsiamu hupanda ndani ya seli, msuli hujikaza. Na mshipa hauhitaji kujikaza sana: kipenyo kikipungua kwa asilimia 10, ukinzani hupanda kwa takriban asilimia 50.

Kati ya vidonge vya presha, enalaprili huzuia kile kimeng'enya, losatani huziba kipokezi. Kimeng'enya hichohicho huvunja bradikinini, kemikali ya mwili ambayo ikirundikana huchokoza njia ya hewa, ndiyo maana baadhi ya watumiaji wa enalaprili hupata kikohozi kikavu na kuhangaika na dawa za kifua bure. Mwambie daktari akubadilishie, usiache kimyakimya. Midomo au ulimi ukivimba, hiyo ni dharura. Mjamzito asitumie yoyote kati ya hizi mbili.

Linalosumbua zaidi huku Mtwara na Lindi ni msimu wa korosho. Kuinama kutwa nzima huleta mgongo, na diklofenaki, dawa ya maumivu, haikosekani dukani. Ndani ya figo, damu huingia kwenye chujio kwa mshipa mmoja na kutoka kwa mwingine. Anjiotensini hubana zaidi ule wa kutokea ili msukumo ubaki; losatani inaulegeza. Diklofenaki nayo hubana wa kuingilia. Msukumo ukipungua pande zote mbili, chujio hudorora, na mtu akiwa anatumia pia dawa ya kukojoza, au anaharisha, figo inaweza kugoma kabisa. Kwa mgongo, parasetamo ni salama zaidi.

Ng'onda wa chumvi kila siku hupunguza nguvu ya dawa hizi. Madafu yana potasiamu nyingi, na dawa hizi huizuia isitoke. Mwenye figo dhaifu aulize kwanza.

Kreatinini (taka ya damu inayoonyesha figo inachuja vipi) na potasiamu zipimwe kabla ya kuanza dawa, kisha baada ya wiki 1 hadi 2. Kreatinini ikipanda kwa chini ya asilimia 30, kwa kawaida dawa huendelea.