Mita 48 za Montreal

Mjomba wangu alipokuja Toronto kututembelea Agosti 2017, watoto walikuwa wameshampangia ratiba: maporomoko ya Niagara, Mnara wa CN, na kule kwenye samaki wa ndani ya vioo. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akamalizia chai yake, kisha akaniuliza, "Montreal ni mbali?"

Nikamwambia ni mwendo wa saa tano kwa treni.

"Basi mimi nipelekeni huko. Nataka kuona mahali ambapo Bayi hakukimbia."

Mjomba ni mtu wa Karatu, kaskazini mwa Tanzania, na kwa mtu wa Karatu wa umri wake Filbert Bayi hasimuliwi kama mwanariadha. Anasimuliwa kama jirani. Februari 1974 Mjomba alikuwa mtoto wa shule. Habari ilikuja kwa redio ya mbao ya mwalimu, ile ambayo betri zake zilianikwa juani asubuhi ili jioni ziweze kusema. Huko Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Bayi alichomoka tangu mlio wa bunduki, akawaacha wenzake nyuma, na hawakumpata tena. Mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia. John Walker, mwenyeji, alimfukuza mpaka utepe. Naye aliivunja rekodi ya zamani, na bado akawa wa pili. Kuanzia siku hiyo kila aliyefuatilia riadha alisubiri kitu kimoja, marudiano ya wawili hao kwenye Olimpiki ya Montreal, 1976.

Treni ilituchukua asubuhi. Ziwa Ontario lilikuwa likijitokeza na kujificha upande wa kulia, Mjomba akalitazama kwa heshima ya kiasi tu (kwake ziwa ni Manyara, na ziwa lisilo na korongo heroe lina upungufu). Alikuwa ameanza kusinzia sauti ya treni ilipotangaza kituo cha Kingston. Akaruka kama aliyemwagiwa maji.

"Kingston! Mjomba, hapa ndipo alipovunja rekodi ya maili!" Naye huniita mjomba vilevile, ndiyo desturi yetu.

Ilibidi nimweleze taratibu kwamba ile Kingston ya Mei 1975, Bayi alipokimbia maili kwa 3:51.0, ni ya Jamaika. Hii ni ya Kanada. Alinyamaza, akachungulia dirishani, akaona maghala na maegesho ya magari. "Niliona kweli haifanani," akasema. Ili kumpoza nikamwambia kwamba mashua za Olimpiki ya 1976 zilishindana hapahapa, kwenye bandari iliyojengwa kwa ajili hiyo. Hazikumhusu.

Montreal tulishuka chini ya ardhi na kuibuka chini ya ardhi. Metro ya mji huo hutembea kwa matairi ya mpira, na kipande cha kuelekea uwanjani kilifunguliwa Juni 1976, wiki chache kabla ya michezo. Katika yote yaliyojengwa wakati ule, nadhani hicho ndicho kipande ambacho hakuna anayekilalamikia. Watu walikuwa wamejaa wakitoka kazini, na sidhani kama kuna aliyekuwa akiwaza Olimpiki.

Halafu unapanda ngazi za kituo cha Viau na uwanja unakuangukia. Picha hazikuandai. Ni kama kombe kubwa la baharini lililopinduliwa, na ubavuni mwake mnara unaolala kwa nyuzi 45, mita 165 kwenda juu, mrefu kuliko mnara wowote duniani uliojengwa kwa kulala. Ulichorwa na Mfaransa, Roger Taillibert. Paa lilitakiwa liwe la kitambaa, livutwe na kamba za mnara kama mwavuli. Michezo ilipofunguliwa mnara ulikuwa kisiki na paa halikuwapo. Vyote viwili vilikamilika 1987, miaka 11 baada ya wageni kuondoka. Kitambaa kikachanika. Wakaweka kingine 1998, nacho Januari 1999 kikapasuka kwa uzito wa theluji, ikawamwagikia mafundi waliokuwa wakiandaa maonyesho ya magari. Kati ya hayo mawili, mwaka 1991, boriti ya zege ya tani 55 ilidondoka.

Mjomba aliyasikiliza haya yote huku ameweka mikono nyuma, kama mkaguzi. "Na njia ya kukimbilia iko wapi?"

Iliondolewa. Baada ya michezo uwanja uligeuzwa wa besiboli, timu ya Expos ikauchezea kuanzia 1977 mpaka ilipohamia Washington mwisho wa 2004. Nilimwambia hivyo na nikajuta. Mtu amepanda ndege mbili na treni moja kuja kuona mahali, na mahali penyewe pameng'olewa.

Siku hizo uwanja ulikuwa na wageni wengine. Tangu mwanzoni mwa Agosti mji ulikuwa umeweka vitanda ndani kwa ajili ya waomba hifadhi, wengi wao Wahaiti waliovuka mpaka kutoka Marekani kwa hofu ya kurudishwa kwao. Tuliwakuta nje wamekaa kwenye zege, watoto wakirusha mpira, mama mmoja akimsuka bintiye nywele chini ya kivuli cha jengo ambalo walipa kodi walikuwa wakilitukana kwa miaka 40. Mjomba aliwaamkia kwa Kiswahili, wakamwitikia kwa Kikrioli, na kila upande ukaridhika.

Kiswahili chetu ndicho kilichomleta mlinzi. Alikuwa kijana wa makamo, sare ya buluu, mtu wa Bukavu, Kongo. "Papa, munatoka Tanzania? Karibu sana!" Mjomba akamshika mkono na hakumwachia. Ndipo nikamtafsiria maneno ya Jean Drapeau, meya aliyeileta michezo: kwamba Olimpiki haiwezi kupata hasara, kama vile mwanamume asivyoweza kubeba mimba.

"Alizaa," akasema yule mlinzi. "Na mutoto tulimulea sisi."

Akatueleza. Deni la michezo lilipita dola bilioni moja, na serikali ya jimbo la Quebec iliweka kodi maalumu kwenye tumbaku kulilipa. Kodi ilianza 1976, deni likaisha mwishoni mwa 2006. Yeye alifika mjini 2003. "Nilikuwa navuta paketi moja kila siku. Ile uwanja, hata miye nililipa, papa. Olimpiki sikuiona, nilikuwa bado kuzaliwa. Lakini hapa," akajigonga kifua, "nililipa na hii."

Mjomba alicheka mpaka akatoa leso. Mimi nilicheka pia, lakini maneno yale sijayasahau. Nimesoma kwamba watafiti wa Oxford walihesabu gharama za Montreal zilivuka bajeti kwa asilimia 720, na kwamba baada yake miji iliogopa kiasi kwamba Los Angeles ilibaki peke yake kwenye foleni ya kuandaa michezo ya 1984. Hakuna takwimu kati ya hizo iliyoniingia kama kile kifua.

Tulipanda mnara kwa kile kibehewa cha vioo kinachotambaa mgongoni mwake. Kutoka juu unaona Mto Saint Lawrence, kile kilima kilichoupa mji jina, na maghorofa mawili ya umbo la nusu piramidi yaliyokuwa kijiji cha wanamichezo na sasa watu wanakaa humo. Chini yetu ulikuwa uwanja wa mbio za baiskeli, ambao tangu 1992 ni makazi ya wanyama, pengwini wakiwamo. Na kwenye mguu wa mnara mabwawa ya kuogelea ya 1976 bado yanafanya kazi. Bibi mmoja alikuwa ametupita pale na taulo begani. Hapo kwa mara ya kwanza Mjomba alionekana kuridhika. "Hili la maji wamefanya vizuri," akasema.

Tuliposhuka aliniuliza Walker alishinda hapa 1976 kwa muda gani. Nikatazama simu: 3:39.17. Akataka tofauti na ule wa Christchurch. Sekunde 7 na kitu. Na sekunde 7 ni mita ngapi? Kwa mwendo wa Walker wa siku ile, kama 48.

"Haya, simama hapo." Akaanza kuhesabu hatua ndefu kwenye zege, ameinua kidole. Alipofika 48 aligeuka. Alikuwa mbali kuliko nilivyotarajia, mzee mwenye koti la kaki katikati ya uwanja mtupu, na watoto wa Kihaiti wakamtazama. Akainua mikono yote miwili kama aliyekata utepe.

Mwanariadha ataicheka hesabu hiyo, na atakuwa na haki. Fainali ya 1976 ilikwenda polepole kwa sababu kila mmoja alimsubiri mwenzake atangulie, na mtu ambaye kutangulia kwake kulikuwa desturi alikuwa nyumbani. Juni mwaka ule watoto wa Soweto, Afrika Kusini, walipigwa risasi na polisi wa makaburu. Mwezi huohuo timu ya raga ya New Zealand ikaenda kucheza Afrika Kusini. Afrika ikataka New Zealand iondolewe Montreal, Kamati ya Olimpiki ikajibu kwamba raga si mchezo wa Olimpiki, na nchi zaidi ya 20 zikasusa, Tanzania ikiwa mstari wa mbele. Mwaka uliofuata, huko Gleneagles, Uskoti, viongozi wa Jumuiya ya Madola walikubaliana kuzuia michezo na makaburu. Bayi alipata medali yake ya fedha Moscow 1980, kwenye kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui yake kwenye mita 5000. Hadi leo Tanzania haina medali nyingine ya Olimpiki.

Kwenye treni ya kurudi nilimuuliza kama tulikosea kususa. Alifikiri mpaka tukaipita Kingston. "Hatukukosea. Lakini nililia."

Februari 2024 nilisoma kwamba paa la kitambaa lilikuwa limechanika mara zaidi ya 20,000 na serikali ya Quebec imetenga dola milioni 870 kuliondoa na kuweka jipya. Nikamtumia Mjomba. Hakujibu hilo. Alikuwa na habari yake: Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa AFCON ya 2027, na Arusha inajengewa uwanja mpya. Miezi kadhaa baadaye ikaja sauti kwenye WhatsApp, upepo mwingi, malori yanapita nyuma. Alikuwa amekwenda mwenyewe mpaka kwenye uzio na kumwita fundi mmoja.

"Nimemuuliza njia ya kukimbilia itakuwa wapi. Ananijibu viti elfu thelathini. Mjomba, mimi sikuuliza viti."