Mume wa pili nyuma ya nyumba

Mjomba alifika jana kutoka Unguja kwa boti ya mchana. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, na kabla hajavua hata viatu akauliza, "Uko wapi huo mti wenyewe?"

Nilimchokoza mwenyewe. Mwanzoni mwa mwezi huu wa tisa mshokishoki wangu, mti wa yale matunda mekundu yenye manyoya, ulitoa maua kwa mara ya kwanza, nikapiga picha hadi simu ikajaa, nikazitupia zote kwenye kundi la ukoo. Dada akajibu, "Fungu letu uliweke pembeni." Shangazi wa Dole akaandika mashaallah saba kwenye mstari mmoja. Mjomba peke yake hakutia neno. Yeye kazeekea mashambani, kwenye mikarafuu na minazi na matunda ambayo watu wa bara huyaona sokoni tu. Alisema ana safari ya Dar kumwona daktari wa macho, atapita.

Nikamzungusha nyuma. Akavuta shada moja, akainua miwani, akavisugua vijiua kati ya vidole, akanusa. Kisha akaliachia tawi likarudi juu.

"Mwanangu, huu mume."

Nilidhani ananitania. Nikamwambia mjomba, wenye mume ni mpapai.

"Na shokishoki vilevile. Hebu tazama katikati ya ua. Unaona nini?"

Niliona vijiti vya chavua, vitano, sita.

"Na kitumba cha tunda kiko wapi?"

Hakikuwapo. Nikatafuta ua jingine, na jingine, nikahamia upande wa pili wa mti. Mjomba alikuwa keshaingia ndani kunywa chai.

Basi ndiyo hivyo. Miaka minane na miezi minane.

Mbegu zenyewe nilizipata kwa ulafi. Januari 2016 tulikuwa tunarudi kutoka kwenye harusi, nikapita soko la Darajani, Unguja, nikanunua mafungu ya shokishoki ya kuwapelekea watu wa nyumbani. Hayakufika. Bahari ilikuwa imechafuka, mume wangu kainamia mfuko wa plastiki, mimi namenya nyekundu, naitia kinywani, namenya nyingine. Boti ilipokaribia bandari ya Dar nilikuwa nimebakiwa na maganda yenye manyoya na kokwa 23 ndani ya leso yenye maji.

Niliziweka kwenye leso yenye maji kwa sababu mama alikuwa akisema mbegu hizi hazina akiba. Mahindi utayaning'iniza juu ya moshi wa jiko hadi masika yafike. Mbegu za mchicha utazifunga kwenye kipande cha gazeti, uzisahau mwaka mzima, na bado zitaota. Ya shokishoki ukiianika umeiua. Siku mbili tatu nje ya tunda, ikishanyauka, haina tena habari na dunia. Fenesi ni hivyohivyo, doriani hivyohivyo, karafuu nayo. Ni mbegu za misitu ya mvua, kule ambako tunda likidondoka linakuta udongo umeshalowa, kwa hiyo hazikujifunza kungoja.

Usiku uleule, nguo za harusi bado mwilini, nilikuwa uani naosha kokwa kwa mchanga. Lazima nyama itoke yote, maana utomvu wake unazuia kuota na unaita siafu. Viriba sikuwa navyo, nikatoboa mifuko ya maziwa. Nikachanganya mchanga wetu wa Kigamboni na samadi na majani yaliyooza, nikazilaza kokwa ubavu, nikazifunika kidogo tu. Siku ya kumi na mbili ikatoka ya kwanza. Zilizoota zilikuwa 14. Panya wakala nne usiku mmoja, kuku wa jirani akafukua nyingine, kiangazi kikamaliza zilizobaki isipokuwa tatu. Mmoja nilimpa dada akaupanda Kibaha, ukafyekwa kwenye ugomvi wa mpaka wa kiwanja. Wa pili ulikauka tu bila sababu niliyoiona. Huu ndio wa tatu.

Na huu nao ulinitesa. Mwaka wa kwanza majani yaliungua pembezoni, kahawia, kama karatasi iliyopitishwa kwenye mshumaa. Nikaongeza samadi, ukazidi. Nikaenda duka la pembejeo, nikauziwa unga wa ukungu na wa pili wa wadudu, nikapuliza vyote, nikaungua macho mimi. Mwisho nikampigia mjomba. Hakuuliza kuhusu mti hata kidogo. Alisema, "Onja maji unayomwagilia."

Kisima chetu kina chumvi. Sabuni haitoi povu, chai ina ladha yake, sisi tumeshazoea. Mti uliotoka nchi za Malaysia na Indonesia, kunakonyesha karibu mwaka mzima, ulikuwa ukinyweshwa maji ya bahari kidogokidogo. Tangu hapo una mfereji wake kwenye bati na pipa lake la mvua, na kiangazi kikikaza tunanunua maji ya boza. Mume wangu ana hesabu ya maji hayo tangu mwanzo, na huitoa kila tukigombana. Chini ya shina natandaza makumbi ya nazi na majani makavu, unene wa kiganja, unyevu usikimbie. Miaka miwili hivi na ukaanza kunenepa.

Katikati yake nilijaribu mengine, kama mtu aliyeonja kamari. Doriani 2018: tunda zima, na harufu yake kali, lilivuka bahari nami ndani ya ndoo yenye kifuniko, limezungushiwa magazeti na kanga, na bado abiria walitazamana wakishuku watoto. Mbegu zake zilinilevya, wiki haikuisha tano kati ya sita zilikuwa zimeota, zikapanda kwa kasi ambayo shokishoki haijawahi kuiota hata ndotoni. Masika ikaja, udongo wa ndoo ukashika maji, mashina yakalainika usawa wa ardhi, yakaanguka moja baada ya jingine kama walevi. Tangu hapo kila chombo changu kina matundu ya kutosha, na doriani silizungumzii.

Mstafeli uliota kwenye mbegu niliyoitupa dirishani. Ukazaa mwaka wa nne. Hakuna aliyeushangilia.

Mangostini ni kisa kingine. Niliyaona kwenye duka moja kubwa la vyakula, yamepangwa matatu kwenye kisahani kwa bei ya kuku mzima, nikanunua, nikayala kwa adabu, nikapanda mbegu. Zilioza zote. Tunda lililosafiri kwenye baridi mbegu yake imeshakufa ndani, hata kama nyama bado nyeupe. Mche nilionao sasa aliniletea mjomba mwenyewe 2020, umetoka kwenye tunda bichi la mtini. Nenda kautazame. Miaka minne, na bado haujapita goti langu. Unatoa majani mawili, unalala miezi, unatoa mawili mengine. Huwa naupita kimya, kama unavyompita mzee anayesali.

Lakini mangostini ina jambo ambalo tangu jana nalifikiria sana. Mbegu yake haihitaji chavua. Inajitengeneza ndani ya tunda bila mume kuhusika, na mche unaoota ni yule mama mwenyewe, ameanza upya. Maembe mengine nayo yana tabia hiyo kwa sehemu: mtoto wa jirani aliwahi kuniletea kokwa lililochomoza vichwa vitatu, akaniuliza pacha hao baba yao nani. Nilimwambia huenda wawili hawana baba. Akaenda kuwasimulia nyumbani, mama yake akaja kuniuliza namfundisha nini mwanawe.

Shokishoki haiko hivyo. Kila kokwa ni mtoto mpya, na karibu nusu ya watoto ni wanaume, na hakuna jani wala gome litakalokwambia kabla ya maua. Mjomba anasema kwao ukitaka kupanda kwa mbegu unapanda mitatu minne karibu karibu, unaingoja yote, kisha unakata wanaume. Au unanunua mche uliobebeshwa, yaani uliopachikwa kipande cha mti unaojulikana, unakula mwaka wa tatu. "Mti mmoja wa mbegu," alisema huku akichovya mkate kwenye chai, "hiyo bahati nasibu."

Kwa nini hakuniambia 2016? Nilimuuliza. Akasema, "Uliniuliza?"

Kweli sikumuuliza. Na nikisema ukweli wangu hapa usiku huu, hata angeniambia ningepanda. Anayetaka kula anunue mche uliobebeshwa, sina ubishi, na rafiki zangu huwaelekeza huko. Mimi kilichonishika ni ile haraka ya usiku ule. Ni vitu vichache sana katika maisha yangu vinavyosema sasa hivi au basi. Fomu zinangoja, deni linangoja, hata maiti siku hizi anangoja ndugu walio mbali. Kokwa lile halikungoja. Kisha, likishaota, likanigeuzia kibao, kwamba sasa ngoja wewe.

Nimekuwa nikiwaza hilo kila nikipita Unguja. Kama mbegu hizi hazihifadhiki, basi kila mti wa namna hii ulioko pwani yetu ulivuka bahari ukiwa hai, au mbegu yake ilivuka ndani ya tunda au udongo mbichi, na mtu akiihesabia siku. Mikarafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi walikokuwa walowezi wa Kifaransa, na karafuu mbivu ukiiacha ikauke haioti. Mshelisheli ndio kabisa, kwetu hauna mbegu ya kupanda, ni mpaka mtu akukatie chipukizi la mzizini, na jina lake linakueleza ulipopitia. John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja wakati wa Sultani Barghash, alikuwa na bustani yake Mbweni ya kujaribia mimea ya nchi za mbali. Zama zile mimea ilisafirishwa kwenye masanduku ya vioo yaliyozibwa, yaliyobuniwa na daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, ili mche ujinyweshe jasho lake mwenyewe na upepo wa chumvi usiuguse. Hao wenye vyeo majina yao yameandikwa. Mabaharia walioinamia miche kwenye majahazi, wakiigawia maji ya kunywa, hatuwajui, na nadhani ndio waliotufikishia mingi zaidi. Mimi nilikuwa na leso tu, na safari ya saa mbili.

Turudi kwa mume.

Mume wangu, mwenye nyumba, aliposikia habari, alicheka hadi akakaa chini. "Nyumba hii mume mmoja anatosha. Ukate." Nikamkumbusha hesabu yake ya maji ya boza. Akasema hasara ikatwe mapema. Kwetu utotoni mpapai mume ulipigiliwa msumari wakiamini utaona haya ubadilike, na usipobadilika panga. Nilitazama msumari jikoni leo asubuhi, sikatai.

Ila asubuhi hiyohiyo nilitoka na kikombe changu, jua halijapanda, nikausikia mti kabla sijauona. Nyuki. Vijiua vidogo visivyo na hata petali, rangi ya kijani iliyopauka, huwezi kuvitia kwenye picha ya harusi, na mti mzima unavuma. Harufu tamu, nyepesi, ikafika mpaka kwenye kamba ya nguo. Nilisimama pale hadi chai ikapoa.

Mjomba alinikuta. Akazunguka shina, akalipapasa gome, akaligonga kwa kucha. Akasema shina zuri, mizizi imeshashika, kuukata wote ni ujinga. Ukatwe kimo cha kiuno kabla ya vuli. Mvua zikianza utatoa machipukizi; tuyaache matano sita yenye afya, mengine yang'olewe. Yakifika unene wa kalamu atakuja na vijiti kutoka mti wa jirani yake, ule ambao shokishoki zake nyama inaachia kokwa vizuri, atafungua dirisha kwenye gome, atapachika jicho la mti ule, kile kichipukizi kidogo cha kwenye kijiti, atafunga kwa plastiki. Shokishoki hushika jicho kuliko kijiti kizima, anasema, na hata hivyo tusitegemee yote. Wiki tatu tutafungua tuone kama bado ni kijani.

"Na tawi moja," akaongeza, "liache hivihivi, na uume wake. Hao majike watahitaji chavua."

Nikamuuliza itachukua muda gani kabla ya kula. Akavua miwani akaifuta kwa shati. Miaka miwili, mitatu, Mungu akipenda. Kisha akaondoka zake kwa daktari.

Jioni nimetoka na tochi. Nyuki wamelala. Nimejipima kiunoni, nikafunga kipande cha kanga kuukuu kwenye shina, mahali msumeno utakapopita, na kingine chekundu kwenye tawi la upande wa jikoni, lile litakalobaki. Msumeno nimeazima kwa jirani. Anautaka kabla ya Ijumaa.