Tamaa aliyoikata mama

Mimi na mwani wa Jambiani ni umri mmoja. Mama alikuwa na mimba yangu mwaka 1989, kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza huku mashariki ya Unguja kwa mbegu za Ufilipino. Sijaanza kutambaa, yeye keshapigilia vigingi vyake pwani na kufunga kamba.

Wakati ule walilima kotonii, mwani wenye bei nzuri. Kotonii ndiyo iliyoninunulia sare za skuli na kuondoa makuti kwenye paa letu. Kisha maji yakaanza kupata joto. Ncha za mwani zikawa nyeupe, zikalainika, zikakatika. Bamvua moja, maji yalipokupwa sana, mama aliteremka akakuta kamba tupu, safu kwa safu. Alirudi akakaa barazani na kanga yake mbichi hadi adhana ya magharibi, hasemi na mtu.

Bamvua iliyofuata akafunga spinosamu, aina nyingine ya mwani, inayostahimili joto zaidi lakini bei yake iko chini. Wenzake kadhaa waliendelea na kotonii palepale kwenye maji mafupi, mwaka baada ya mwaka, wakiamini bahari itarudi kuwa ile ya zamani. Jirani yetu mmoja aliacha kabisa, na mpaka leo ukimtajia mwani anageuza uso.

Mimi nilianza kama wale wa kotonii, nikaishia kama jirani yule. Tangu nimalize ualimu niliomba ajira miaka sita. Kila majina yalipokaribia kutoka nilikuwa na furaha ya wiki moja, halafu huzuni ya miezi. Sikutaka kufanya kitu kingine, maana kufanya kingine niliona ni kukubali kushindwa. Siku moja tunaanika mwani nikamwambia mama nimekata tamaa ya maisha. Hakuacha kutandaza. Akasema, "Kotonii nimeikatia tamaa, mwanangu. Bahari sijaikatia."

Neno hilo sijalimaliza kulitafuna. Kukata tamaa tunakuogopa kama maradhi, na huku tamaa yenyewe ndiyo tunayowakanya watoto. Mama alijua ipi ya kukata.

Nilipoanza kuteremka naye niliona anavyotumai. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiwa mpevu na ukiandama, na mwani hukomaa kwa wiki kama sita. Matumaini ya mama hayavuki hapo. Akifunga kamba anajua ziko zitakazoliwa na samaki tasi na ziko zitakazochukuliwa na mawimbi. Hizo keshazitoa kwenye hesabu kabla hajatoka majini. Kinachobaki anakishangilia kweli. Nimemwona, mwanamke wa miaka sitini na kitu, maji kiunoni, akiinua kamba nzito na kucheka peke yake.

Nisije nikaeleweka vibaya. Bei ya spinosamu ni ndogo mno kwa kazi ile, mgongo unamuuma, na inanikera sana mtu akisema wanawake hawa wameridhika na kidogo. Mama hajaridhika. Bei anaigombania kila mnunuzi anapokuja na mizani yake. Ila usingizi wake haungoji bei ipande, na huo ndio utulivu ambao mimi nilikuwa nao wiki moja tu kwa mwaka.

Siku hizi nasomesha twisheni ya hesabu jioni, watoto kumi na wanne, kwenye ukumbi wa nyumba yangu. Ajira bado naomba. Natuma barua, kisha narudi kusahihisha madaftari. Juzi msichana mmoja aliyekuwa akilia akiona hesabu za sehemu alizijumlisha zote bila kukosea, nikaimba njia nzima hadi dukani.

Jana usiku mama kanipigia simu. Mwezi una siku kumi na tatu, kesho kutwa tunateremka asubuhi. Nije na raba mbili, zake zimetoboka.