Siku moja maishani mwangu: katibu wa kamati ya usalama, kiwanda cha kahawa Moshi

Mi ni karani wa mizani kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa hapa Moshi, na juu ya hapo ni katibu wa kamati ya usalama na afya, kazi ambayo hailipwi hata senti na inanitafuta kuliko ile ninayolipwa. Hii ni jumatano moja ya Oktoba, msimu umechanganya, malori ya parchment, yaani kahawa kavu ambayo haijakobolewa ganda la ndani, yanapanga foleni mpaka nje ya geti.

Saa 11 na nusu alfajiri
Voisi ya WhatsApp, dakika mbili kasoro. Mama mmoja wa mezani, ndo tunavyowaita wanaochambua kahawa kwa mkono. Anaongea kwa kunong'ona kama vile bosi yuko chumbani kwake. Anasema jana jioni kitenge kilimezwa na puli, lile gurudumu linalozungusha mkanda wa kuchambulia, kikavutwa, akakifungua kiunoni upesi akakiachia, mashine ikakila. Akarudi home na khanga ya kuazima. "Usitaje jina langu mwanangu, wataniambia kesho usije."

Nikaisikiliza mara mbili. Kitenge kingekuwa na fundo gumu leo ningekuwa namwangalia hospitali, Mawenzi au KCMC, sio kwenda kazini.

Saa 12 na nusu
Hiace ya kutoka Pasua, imejaa, kondakta anasema kuna nafasi. Mlima leo umejianika wote, Kibo kweupe kabisa, na hamna anayeuangalia maana kila mtu yuko kwenye simu yake, na mimi nawaza tu naanzaje kulisema hili bila kumtaja mtu.

Saa 1 na nusu
Kikao cha getini, dakika tano kila asubuhi kabla mashine hazijawashwa. Nikasema leo kamati inazunguka kukagua kabla ya kikao cha saa sita, ambayo ni kweli, ila ratiba ilikuwa tuanzie stoo. Nikabadilisha, nikasema tunaanzia mezani. Hamna aliyeuliza.

Saa 2
Hapa nikae kidogo maana ndo siku yenyewe.

Mkanda wa kuchambulia ni mrefu, akina mama wanakaa pande mbili, kahawa inapita katikati wanatoa punje nyeusi, zilizovunjika, zilizoliwa na wadudu. Mwisho wa mkanda kuna puli, na puli ina kava ya bati. Inatakiwa iwe na kava. Nikainama na kijana wa mashine, mwenzangu kwenye kamati, tukamulika na tochi ya simu, puli iko uchi. Kava tukaikuta nyuma ya rundo la magunia matupu, imesimamishwa vizuri kabisa kama picha ya ukutani, tundu nne za bolti na bolti moja tu inaning'inia. Kumbe wiki iliyopita fundi aliifungua kupaka beringi grisi, akaitwa kwenye mashine nyingine, akasahau, na bolti zake tatu zikapata kazi sehemu nyingine, unajua bolti za kiwandani zinavyotembea.

Na kwenye shafti, chuma kinachozungusha puli, kulikuwa na nyuzi. Za njano na za bluu, zimejisokota zimekaza kama uzi kwenye bobini ya cherehani. Nikapiga picha. Sikuhitaji tena kumtaja mtu, ushahidi ulikuwa unaongea wenyewe.

Nikaenda kwa msimamizi wa zamu nikamwambia mkanda usiwashwe. Akaniangalia. "Dada katibu, kuna lori tatu nje, we mwenyewe ndo unazipima." Nikamwambia kaka, lori zitasubiri, mkono hauoti tena. Akasema tuwashe wakati fundi anatafuta bolti, akina mama wakae mbali na mwisho. Hapo ndo nikatoa kufuli langu, la kawaida tu la mlangoni, nikafunga swichi kuu ya mkanda na kibao nimeandika kwa maka peni USIWASHE, WATU WANAFANYA KAZI, funguo nikaweka mfukoni. Sio ubabe jamani, hiyo ndo kanuni, mashine inayofunguliwa inafungwa umeme kwa kufuli na mwenye funguo ni yule ambaye mkono wake uko ndani. Fundi akaenda Mbuyuni kununua bolti, akarudi, nikampa funguo, akafunga zote nne. Dakika 50 jumla. Msimamizi hajanisalimia mpaka mchana.

Saa 4
Chai na chapati, na mimi naandaa ajenda.

Niwape historia kidogo ya hii kamati. Ilizaliwa kwa sababu mkaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, alikuwa anakuja. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inataka sehemu ya kazi iwe na wawakilishi wa wafanyakazi wa mambo ya usalama, na kamati, kwahiyo ofisi ikachapa majina kumi ikabandika ubaoni. Mi nilijua kuwa ni katibu kwa kulisoma jina langu pale ubaoni nikiwa naenda chooni. Mlinzi mmoja alikuwa mjumbe miezi minne hajui. Hatukukaa hata kikao kimoja, ila faili lilikuwa na mihtasari mitatu iliyopigwa chapa safi, na saini, sijui za nani.

Mwaka uliofuata kijana akakatika ncha ya kidole kwenye mashine ya kupanga madaraja, na ndo tukaanza upya, kila idara ikachagua mtu wake wenyewe: mashine, stoo, maabara ya kuonja, walinzi, usafi. Meneja akabaki mwenyekiti, na hapa wengi wananibishia wanasema bosi asiwepo watu wataogopa. Mi nasema awepo, kwasababu kikao kisicho na mwenye kusaini cheki ni kikao cha kulalamika tu. Watu wakiogopa kusema mbele yake, mwakilishi ndo atasema kwa niaba yao, kazi yake hiyo.

Ila tulikosea kitu kikubwa. Akina mama wa mezani, zaidi ya sitini, ambao ndo wengi kuliko idara zote, hatukuwapa mtu. Eti wa msimu.

Saa 6
Kikao. Sikuhizi muhtasari wetu ni jedwali tu: kihatarishi, nani anashughulikia, lini, kimekwisha au bado. Tunaanza na vya nyuma ambavyo havijafungwa, hata kama vinachosha, na vinachosha kweli.

Magunia. Gunia la kahawa safi, yaani iliyokwisha kobolewa, ni kilo 60. Mapendekezo ya ILO, shirika la kazi la dunia, ya 1967 yanasema mwanaume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55 kwa kazi ya kila siku. Meneja akasema gunia ni la biashara ya dunia nzima, hawezi kulipunguza yeye, na kwa hapo yuko sahihi. Tukakubaliana toroli mbili ziongezwe na rundo lisipande juu ya kichwa cha mtu. Lini? Akasema "karibuni." Nikaandika tarehe 30, nikamsomea, akacheka, akasaini.

Vumbi. Hili ni refu, wataalamu wa Muhimbili na wenzao wa Bergen kule Norway walishawahi kupima vumbi kwenye viwanda vya kahawa vya mkoa huu huu wa Kilimanjaro, wakaona kikohozi na kubanwa kifua ni kwingi kwa wafanyakazi wa kahawa kuliko kwa wasiofanya kazi hiyo. Sisi tunagawa barakoa. Nimesema na nitarudia, feni ya kunyonya vumbi juu ya mashine ya kukobolea inafanya kazi kuliko barakoa mia, maana barakoa saa tano iko kidevuni. Imeandikwa "bado" kwa mara ya tatu.

Kisha puli. Nikaonyesha picha. Mtu wa kwanza kusema, simtaji, akasema akina mama wavae vizuri, vitenge ndo tatizo. Nikahisi moto masikioni. Nikamuuliza, kava ingekuwepo kitenge kingefikaje kwenye shafti? Kwanza unaziba hatari, nguo inakuja baadae. Na ovaroli hatujawahi kuwapa kwasababu ni hiyohiyo, wa msimu.

Hapo nikachomekea: wapate mwakilishi, leo leo. Meneja akakubali haraka mno nikashtuka. Mwenzangu wa mashine ndo akauliza swali la maana, nani atamlipa? Sisi wa mwezi tukikaa kikao mshahara unatembea. Mama wa mezani analipwa kwa kilo alizochambua, masaa mawili ya kikao ni masaa mawili ya njaa. Ndo maana mwaka juzi tulimwomba mmoja akakataa, sisi tukasema hawana mwamko! Tulibishana hapo kama nusu saa nzima. Mwisho ikaandikwa: siku ya kikao au ya ukaguzi alipwe wastani wa kilo zake za wiki ile.

Saa 8
Makande. Baridi.

Saa 9
Uchaguzi bandani. Wamejitokeza watatu. Akina mama hawataki kupiga kura kwa kunyoosha mkono mbele ya msimamizi, kwahiyo makopo matatu nyuma ya magunia, kila mama punje moja ya kahawa, anatumbukiza anapotaka. Kuhesabu ilikuwa rahisi kwao kuliko kwangu. Ameshinda mama mmoja wa Kibosho, mtu mzima, amechambua kahawa tangu sijazaliwa. Nikamwambia shikamoo mwakilishi. "Marahaba, ila mimi kuandika sijui vizuri." Nikamwambia mama, kuandika ni kwangu, wewe ona tu na useme. Akasema basi naanza: choo cha huku hakina mlango toka Agosti.

Nimeenda kuangalia. Hakina.

Saa 11 jioni
Nimebandika muhtasari ubaoni, kwenye safu ya puli nimeandika KIMEKWISHA na tarehe, choo nimekiongeza mwisho kwa mkono. Sanduku la huduma ya kwanza bandeji zimeisha tena, nadhani kuna mtu anafungia bomba.

Saa 1 usiku
Kwenye Hiace, voisi nyingine, ni yule mama wa alfajiri. Safari hii hanong'oni. Amesikia kava imerudi, anashukuru, Mungu anibariki mimi na watoto wangu. Halafu kimya kidogo, halafu: "Sasa mwanangu, kitenge changu kilikuwa kipya, nani atanilipa?"

Mpaka nashuka Pasua sijamjibu. Mfuko wa fidia unalipa mtu akiumia, kitenge sijui nikiandike safu gani.