Siku Moja Kwenye Saiba, Wiki ya Kampeni za Chuo

Saa kumi na mbili asubuhi

Simu ya mwenzangu wa chumba imekuwa ikinguruma juu ya meza tangu alfajiri. Mwaka huu yeye ni mjumbe wa idara yao, na uchaguzi wa baraza la wanafunzi ni Ijumaa. Basi watu ambao hawajawahi hata kumsalimia sasa wanamuuliza ameamkaje, mama yake anaendeleaje, na kama amekunywa chai. Mimi haniandikii mtu. Mimi ni mwanafunzi wa ualimu, mwaka wa nne, Kiswahili na Historia, na nikitoka darasani nafanya kazi kwenye saiba, duka la kompyuta na uchapishaji, inayochapisha mabango ya hao hao wanaomjulia hali.

Tunaishi Nyalenda, mtaa wa hapa Kisumu, chumba kimoja cha mabati, maji yanaletwa na mkokoteni. Natoka polepole. Kwenye kona nasimama kwa mama wa uji: kikombe cha wimbi kilichokamuliwa ndimu, mandazi mawili.

"Nyathina," ananiita, yaani mwanangu kwa Kijaluo, "mnapiga kura lini?"

"Ijumaa, mama. Lakini mimi sipigi, wanapiga wajumbe."

Anacheka. Kwake kura ni foleni ndefu na wino kidoleni, na mtu mzima akiambiwa kuna wenzake watakaopiga kura kwa niaba yake haamini masikio yake. Nikimweleza kwamba sheria ilibadilishwa mwaka 2016, kwamba siku hizi kila idara au kitivo huchagua wajumbe watatu na hao ndio wanaochagua baraza, ananikatiza: "Hao watatu wanalishwa na nani?" Mwaka wote nimesikia mijadala ya vyuo, sijasikia swali lililonyooka kama hilo.

Saa moja

Kipindi. Mhadhiri anapitia mada mbili kwa saa mbili, kwa kuwa kalenda yetu bado inafukuzana na ule mgomo wa mwaka jana, ulioanza Septemba 2025 na kumalizika Novemba. Wahadhiri walikuwa wakidai shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya zamani ya mishahara, na darasa letu karibu lote liliwaunga mkono. Ukiuliza leo utasikia kauli mbili kutoka kinywa kimoja: walikuwa na haki, na walituumiza. Mimi sioni mgongano hapo. Lakini kwenye meza ya mazungumzo hakuna aliyemhesabu mwanafunzi aliyebaki Kisumu wiki saba akisubiri kuitwa darasani wakati wowote. Kodi ya nyumba haikugoma.

Saa tatu

Nafungua duka. Mashine ya fotokopi moja, printa mbili, kompyuta tatu, mashine ya kulamineti na kiti cha plastiki kwa wazee. Fotokopi shilingi tano, kuchapisha kumi. Mwenye duka ana amri moja aliyoibandika ukutani kwa herufi kubwa: WAGOMBEA WOTE HULIPA KWANZA. Aliibandika mwaka juzi, na nadhani inajieleza.

Wateja wa asubuhi huwa si wanasiasa. Ni fomu za basari ya CDF, ule mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, barua za chifu, taarifa za karo, barua za kuomba nafasi ya mafunzo ya nyanjani, na wale wanaotaka niwapunguzie maandishi mpaka yaingie kwenye kiganja, ambao nawafukuza. Ukikaa hapa muhula mmoja utajua maoni ya wanafunzi kuhusu serikali bila kumuuliza mtu. Unaangalia tu wanachochapisha.

Leo anakuja kijana wa mwaka wa pili na bahasha ya kaki. Anataka kukata rufaa. Chini ya mfumo wa ufadhili ulioanza na walioingia vyuoni mwaka 2023, kila mwanafunzi anawekwa kwenye kundi kulingana na uwezo wa familia, na kundi ndilo linaloamua apate kiasi gani cha ufadhili, kiasi gani cha mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na nyumbani watoe nini. Yeye amewekwa kwenye kundi la wanaojiweza. Kwenye bahasha kuna cheti cha kifo cha baba, barua ya chifu na kitambulisho cha nyanya yake aliyemlea, kimekwanguka hadi nambari mbili za mwisho hazisomeki. Nakiweka kwenye skana mara ya kwanza, giza. Naongeza mwanga, uso unapotea lakini nambari zinatokea. Naskani mara mbili, moja ya uso na moja ya nambari, tunaziunganisha kwenye ukurasa mmoja. Anauliza kama watakubali picha mbili za kitambulisho kimoja. Namwambia tujaribu.

Kinachonikera ni kwamba mimi niliingia mwaka 2022. Mimi ni wa mpango wa zamani, karo yangu ya masomo ni elfu kumi na sita kwa mwaka. Tunakaa benchi moja, tunasomea kitabu kimoja, lakini tarehe ya kufanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ndiyo iliyonitenga naye. Mahakama Kuu ilisema Desemba 2024 kwamba mfumo huo unakiuka Katiba; miezi michache baadaye Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, na kundi lake likabaki pale pale. Yeye hafuatilii kesi. Anataka kujua kama nyanya aje Kisumu aweke sahihi upya au hiyo ya kidole inatosha.

Saa sita

Wanaingia wagombea. Wa kwanza wa uenyekiti, shati jeupe, wasaidizi wanne wa kumbebea simu. Anataka mabango hamsini ya A3, karatasi ya kung'aa, na nimng'arishe uso kidogo.

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama wa mwaka jana."

Wa mwaka jana alikuwa mtu mwingine.

Nitasema jambo ambalo pengine litanipotezea wateja. Mabango yote niliyochapisha wiki hii yametoka kwenye faili moja. Nabadilisha picha, jina, cheo na rangi ya ukingo. Maneno ni yale yale: uongozi bora, sauti ya komredi, mabadiliko. Hakuna hata mmoja aliyeniletea bango linalotaja rufaa za makundi ya karo, au alama za mitihani zinazopotea, au maktaba kufungwa jioni wakati ambao anayefanya kibarua ndiyo kwanza anatoka kazini. Nilimuuliza huyu wa leo kwa nini. Akanijibu kwa upole kabisa: "Dada, mjumbe hasomi bango. Bango ni la wapita njia, wajue nimesimama." Alikuwa mkweli. Nikampa risiti.

Saa nane

Joto limeingia mpaka chini ya meza. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa historia, amekuja kutoa nakala ya hati ya shamba. Amekaa kwenye kiti chake akiyasoma mabango yanayokauka kwenye kamba.

"Hawa wote wanataka kuwa Orengo?" anauliza, akimtaja James Orengo, mwanasiasa mkongwe wa huku Nyanza.

Msaidizi mmoja wa mgombea, aliyebaki kusubiri mabango, anajibu kwamba afadhali Babu Owino, aliyetoka uenyekiti wa SONU, chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akaenda bunge mwaka 2017. Mzee anatikisa kichwa. Anamkumbusha kwamba Orengo aliongoza wanafunzi wa Nairobi miaka ya sabini, wakati ambao kufanya hivyo hakukuwa na mshahara. Kisha anauliza kama tunamjua Adungosi. Kimya. Nami wa Historia nikajibu, nikijikaza: Tito Adungosi, mwenyekiti wa SONU mwaka 1982, kijana wa Teso, aliyefungwa miaka kumi baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti na kufia gerezani 1988.

"Vizuri, mwalimu," mzee akasema. Kuitwa mwalimu na mwalimu ni malipo tosha ya siku.

"Lakini mzee," yule kijana akauliza, "unatushauri tufungwe?"

"Nawashauri mwe na jambo la kufungiwa."

Hapo ndipo mjadala wa wajumbe ulipolipuka. Kijana anautetea mfumo: zamani mgombea alilazimika kuzunguka chuo kizima, magari, fulana, wahuni wa kukodi, mawe yakirushwa usiku wa kuhesabu kura, sasa mambo ni tulivu. Siwezi kusema anadanganya, kwa sababu ghasia zilikuwepo. Lakini bei haikushuka, walipwaji ndio waliopungua. Zamani ulilazimika kutudanganya sote. Leo unawanywesha chai wachache, na sisi wengine tunaona uchaguzi kwenye bango, tena bango la faili langu.

Saa kumi

Stima zimepotea. Wateja sita wamekwama na kazi zao zimo ndani ya mashine, na wakiondoka hawatarudi, kwa hiyo wanakaa. Hakuna mtandao, hakuna feni. Basi wanazungumza.

Wanaanza na uchaguzi mkuu wa 2027. Karibu wote wana kura, au wanasema wanayo, lakini mmoja amejiandikisha Bungoma, mwingine Homa Bay, na wanabishana kama inafaa kuhamishia Kisumu. Wa Bungoma hataki: "Huku nitamchagua nani, na karo yangu ya basari inatoka kwa mbunge wa kwetu?" Wanamgusia Baba, yaani Raila Odinga, aliyetuacha Oktoba 2025, na sauti zinashuka kidogo, hapa mjini jina hilo bado halitamkwi ovyo. Dada wa uuguzi analalamika kwamba kila msimu wanawake hufuatwa wawe makamu, na akisema anataka kiti chenyewe anaulizwa kama ana pesa. Mwanafunzi wa uhandisi, ambaye alikuwa kimya akijipepea na taarifa yake ya karo, ndiye aliyenipa jambo la kufikiria.

"Juni 2024 nilikuwa hapa Kondele kwenye maandamano," akasema. "Tulizuia mswada wa fedha wa serikali nzima. Tarehe 25 watu wako barabarani nchi nzima, tarehe 26 Rais anasema hausaini. Sasa niambieni, mbona hatuwezi kuongeza saa mbili kwenye maktaba?"

Mmoja akasema wanafunzi ni waoga wakiwa karibu na vyeti vyao. Mwingine, kwamba kule tulikuwa na hasira na hapa tuna uchovu. Dada wa uuguzi akasema kule hakukuwa na kiongozi wa kuitwa pembeni akanywe chai. Nimeigeuza kauli hiyo kila upande na sijapata pa kuipinga. Watu waliouawa siku ile hawakuwa na mwenyekiti wa kuzungumza kwa niaba yao, na hilo lilikuwa na gharama yake. Lakini pia hapakuwa na mtu wa kununua.

Stima zikarudi. Printa ikaanza kutema mabango na kila mtu akasimama kudai kazi yake ndiyo iliyotangulia.

Saa kumi na mbili jioni

Hesabu. Mgombea wa katibu ameomba kulipa HELB ikiingia. Nimemwonyesha ukuta.

Saa mbili usiku

Omena, ugali, sukuma. Mwenzangu anakaanga, mimi nakatakata nyanya. Kesho ana mialiko mitatu, yote ya chai, miwili ni saa moja ile ile. Namuuliza ana maswali gani ya kuwauliza hao. Hana.

Huwa naleta nyumbani mabango yaliyoharibika, upande mmoja ni mweupe na karatasi ni nzuri. Nikampa moja na kalamu. Akaandika: maktaba ifunguliwe mpaka saa ngapi? Akaandika: nani atakaa na wanafunzi wanaokata rufaa za makundi, siku gani, ofisi gani? La tatu nikamwambia mimi, lile la mama wa uji: pesa za kuwalisha wajumbe zinatoka kwa nani?

Hilo akakataa kuliandika.

"Chai ni kesho," akasema. "Niache ninywe kwanza."