Jinsi nilivyokadiria bei ya besi ya 1972 iliyobadilishwa

Besi niliyoletewa hapa Kisumu ilikuwa Fender Precision, gitaa la besi la kampuni ya Marekani, na familia iliyoileta ilitaka bei ya haki kabla ya kugawana mali ya baba yao, aliyepiga benga miaka mingi. Ilikuwa imepuliziwa rangi nyeusi ya gari, imechimbwa shimo la pikapu (kinasa sauti cha nyuzi) ya pili karibu na daraja linaloshika nyuzi mwilini, imeongezewa kitufe cha tatu, na funguo za kukazia nyuzi kichwani zilikuwa mpya. Chombo kama hiki watu hukikosea bei kwa njia mbili. Mmoja huona jina kichwani akataja bei ya gitaa lisiloguswa aliloliona mtandaoni. Mwingine huona shimo, akasema limeharibika, akatoa bei ya gitaa jipya la bei nafuu. Bei ya kweli iko katikati, na haipatikani kwa kutazama kwa mbali. Lazima gitaa lifunguliwe.

Nilianza na umri. Jina la kichwani halithibitishi chochote, maana stika zinauzwa. Nambari ya kwenye bamba la chuma nyuma ya shingo nayo husaidia kwa kukisia tu, kwa sababu kiwandani mabamba hayakufungwa kwa mpangilio. Ushahidi mzuri uko kwenye kisigino cha shingo. Legeza nyuzi zote kwanza, kisha fungua skrubu nne kwa bisibisi ya nyota inayojaa sawasawa. Ikicheza, vichwa vya skrubu vitalika, na skrubu za zamani nazo zina bei yake. Hapo nilikuta muhuri: 5 MAR 72 B. Tarakimu 5 ni ya Precision (Jazz Bass, besi nyingine ya Fender, ilipewa 7), kisha mwezi na mwaka, na herufi ya mwisho ni upana wa shingo pale nyuzi zinapoanzia: A ni takriban milimita 38, B ni 41, C ni 44. Nilipima kwa kalipa nikapata 41. Muhuri na mbao vilikubaliana.

Kisha poti, yaani vifaa vinavyozungushwa na vitufe. Kwenye mgongo wa poti za volyumu na toni kulikuwa na 1377208. Tarakimu 137 ni za kiwanda cha CTS, 72 ni mwaka, 08 ni wiki. Poti ya wiki ya nane na shingo ya Machi zinaoana. Poti ikiizidi shingo umri kwa miezi kadhaa si tatizo. Hata miaka si tatizo kwa magitaa ya 1967 hadi 1969, kwa sababu baada ya CBS, kampuni ya utangazaji ya Marekani, kuinunua Fender mwaka 1965, zilinunuliwa poti nyingi sana mwaka 1966 zikatumika kwa muda mrefu. Poti iliyotengenezwa miaka kadhaa baada ya shingo ndiyo ya kuulizia. Hapa zile mbili zilikuwa za kwake, na lehemu yake ilikuwa imefifia, haijaguswa. Poti ya tatu ilikuwa mpya, lehemu yake ikimetameta.

Pikapu ya Precision ina vipande viwili vilivyounganishwa mfululizo, kila kipande na sumaku nne. Nilifungua lehemu mpya ya pikapu iliyoongezwa, nikaiacha ile ya zamani kama ilivyo, nikafungulia volyumu yote na kupima kwa mita palepale kwenye poti. Ilisoma kilo-ohm 10 (kipimo cha ukinzani wa umeme). Pikapu nzima ya aina hii huwa kati ya 10 na 11, na poti ya kilo-ohm 250 iliyo sambamba nayo hupunguza kipimo kidogo. Waya wa kipande kimoja ukikatika, pikapu yote huzimika, na mita huonyesha takriban 250, yaani inasoma poti peke yake. Pikapu iliyosukwa waya upya hushusha bei kiasi cha kuumiza, kwa hiyo kipimo hiki hakirukwi.

Rangi nayo ina mahali pake pa kuchunguzwa. Kiwandani mwili ulishikwa kwa kijiti kilichofungwa kwa skrubu ndani ya tundu la shingo, ndiyo maana humo hubaki ukanda usio na rangi kamili. Kwenye besi hii tundu lote lilikuwa jeusi, na tabaka lilikuwa nene kiasi cha kuinua shingo kidogo. Nyuma ya poti, mahali ambapo bunduki ya rangi haikufika vizuri, rangi ya kwanza ilionekana. Nilipitisha pia ile taa ya urujuani ya kukagulia noti bandia, ambayo mawakala wa pesa kwa simu wanayo: sehemu iliyorekebishwa mara nyingi hung'aa tofauti na inayoizunguka. Sikuona kiraka chochote.

Hapa niliwazuia wenyewe wasijipunguzie bei bure. Matundu ya skrubu pembeni mwa pikapu na daraja walidhani ni ya fundi wa mtaani. Hayo ni ya kiwandani, yalishikilia vifuniko vya kromu ambavyo wapigaji wengi huvitoa. Na tundu za kijiti cha kuegemeza vidole upande wa uzi mwembamba ni za kawaida kwa Precision ya miaka ile. Baadaye, mnamo 1974, kijiti kikahamishiwa upande wa juu.

Kabla ya kurudisha shingo nilijaribu chuma kilicho ndani yake, kile cha kuinyoosha. Kwenye Precision ya wakati huo nati ya kukikaza iko kwenye kisigino, kwa hiyo ni lazima shingo itoke. Niliisogeza robo mzunguko, ikakubali. Kwa wanaoishi kando ya ziwa hili ni jambo kubwa: unyevu na kutu hukamata nati, mtu akalazimisha, mfereji wa bisibisi ukaisha au chuma kikakatika. Shingo ya namna hiyo ningeikata bei kuliko shimo lolote la mwilini. Baada ya kufunga na kuweka nyuzi kwenye sauti yake, nilibana uzi kwenye freti (vijiti vya chuma vya shingoni) ya kwanza na ya mwisho, nikapenyeza kwenye freti ya nane kile kipimo cha mwanya ambacho mekanika hurekebishia vali. Milimita 0.35, na shingo haikujipinda upande mmoja. Freti zilikuwa zimebadilishwa, na zimebadilishwa vizuri.

Sasa hesabu. Msingi huchukuliwa kwenye bei ambazo besi za 1971 hadi 1974 zisizoguswa zimeuzwa kweli. Bei ambazo wauzaji wanazitamani haziingii. Msingi huo niliuita 100. Rangi iliyopuliziwa upya huondoa takriban nusu, na hii ni desturi ya biashara yenyewe: inabaki 50. Shimo la pikapu mimi hukata robo ya kilichobaki, maana mbao iliyochongwa hairudi, na hata ikizibwa kwa kipande cha mti, mnunuzi makini atakiona: inabaki 37 na nusu. Kitufe cha tatu kilipita kwenye sahani ya plastiki tu, na sahani hubadilishwa, ingawa ya zamani ina bei. Funguo za zamani zilikuwa kwenye mfuko, na matundu makubwa ya kichwani hayakupanuliwa, yalibaki matundu madogo ya skrubu tu. Kwa sahani na matundu hayo nilikata sehemu ya kumi ya kilichobaki. Tukafika karibu 34. Zingatia kwamba kila punguzo linatoka kwenye kilichobaki. Ukijumlisha asilimia zote na kuziondoa kwenye 100 kwa mkupuo mmoja utafika 15, na utakuwa umemnyang'anya mwenye mali.

Baadaye nilikagua sakafu ya bei. Shingo yenye stika yake ya kwanza, pikapu, poti mbili, daraja, bamba na funguo, kila kimoja kina mnunuzi anayetengeneza gitaa lake. Jumla ya spea ikizidi 34, hakuna sababu ya kuuza chini ya jumla hiyo. Nilizihesabu ili familia isidanganywe, lakini niliwaambia wazi kwamba sipendi besi inayopiga vizuri ikatwekatwe.

Bei ya tatu ni ya mpigaji. Kwa bendi ya benga, ambayo besi ndiyo inayoisukuma ngoma, shimo la pili si kasoro. Kijana anayepiga mtaa wa Kondele, hapa Kisumu, kila wikendi anataka shingo iliyonyooka, uzito anaoweza kuubeba usiku kucha (hii ilikuwa kilo 4.3 kwa mizani ya ndoano), na sauti isiyo na mvumo. Pikapu ya Precision inajifutia mvumo yenyewe. Ile iliyoongezwa, ikipigwa peke yake karibu na taa za tyubu, inavuma. Anayejua hilo ataifungulia pamoja na ya kwanza.

"Fundi, tukaipake rangi ya kwanza ndipo tuuze?" kaka mkubwa aliuliza. Hapana. Rangi mpya juu ya rangi mpya haiongezi hata shilingi kwa mkusanyaji, na gharama yake hairudi. Vivyo hivyo kuziba shimo. Niliwaandikia bei zote tatu kwenye karatasi moja, nikaambatisha picha za muhuri wa shingo, migongo ya poti, tundu la shingo na shimo lililochongwa, na mfuko wa funguo za zamani ukafungwa ndani ya kasha la gitaa. Mnunuzi wa mbali asipoonyeshwa picha hizo nne, atakadiria mabaya zaidi na kukata bei kwa hofu.