Lamu mazingira na ulinzi ni kitu kimoja, bungeni bado ni kamati mbili

Mbunge wetu akisifiwa barazani utasikia ni basari, gati, taa za barabarani. Sawa, zinahitajika. Lakini mimi huangalia sana kitu kingine, akiwa Nairobi yuko kamati gani na anasema nini huko, hansadi, yaani kumbukumbu za mijadala ya bunge, iko wazi mtu yeyote anaisoma kwa simu.

Maana bungeni misitu ina kamati yake na jeshi lina kamati yake, ile ya Ulinzi, Ujasusi na Mashauri ya Kigeni, na huku kwetu huwezi kabisa kuyatenganisha hayo mawili. Chukua msitu wa Boni. Operesheni ya jeshi ilianza Septemba 2015 kwa sababu al-Shabaab walifanya ule msitu maficho, na mimi siwezi kusema haikuhitajika, shambulio la Mpeketoni la 2014 hatujalisahau wala lile la kambi ya Manda Bay la Januari 2020. Lakini Waboni wa Basuba, Mangai, Milimani, maisha yao yote ni msitu, asali iko humo, dawa ziko humo, na mtu akiingia kurina asali anaogopa magaidi na anaogopa pia kudhaniwa yeye ndiye gaidi. Sasa hilo alipeleke kamati gani?

Bahari ndio hivyo hivyo. Baada ya watalii kutekwa 2011 tukaja tukakatazwa kuvua usiku, miaka na miaka, na kila anayejua jarife, ule wavu mkubwa, anajua hutegwa jioni likaopolewa alfajiri, kwa hiyo watu wakabaki wanabanana mchana kwenye maji ya karibu, samaki wanaisha huko na mkopo wa mashine ya boti unamngoja mtu nyumbani. Amri ilikuwa ya usalama, waliolipa ni wavuvi na matumbawe. Halafu bandari ya Lamu ikachimbwa, wavuvi wakaumia, na Mahakama Kuu 2018 ikasema wavuvi kama 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Na Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague ikachora mpaka mpya wa bahari na Somalia, Kenya ikaukataa, na mvuvi wa Kiunga akitoka kutafuta samaki mpaka huo ndio uko mbele yake.

Angalia pia ile stesheni ya umeme wa makaa ya mawe iliyopangwa kujengwa Kwasasi. Kibali kilifutwa na tribunali ya mazingira Juni 2019, na 2025 korti ya Malindi ikakubaliana nayo, sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Hiyo kazi ilifanywa na watu wa kawaida wa hapa na mawakili, walihangaika miaka, Mungu awalipe. Mbunge angeuliza mapema pengine tusingefika kortini.

Na uwezo anao. Katiba kifungu cha 241 inasema jeshi likitumwa kurudisha amani sehemu yoyote ndani ya Kenya lazima Bunge la Kitaifa liidhinishe. Hapo ndipo pa kusimama, aseme naunga mkono ila nataka kujua wavuvi watatoka saa ngapi, warina asali watapita wapi, mikoko itachungwa na nani, na ripoti itakuja lini. Si jambo geni hata, kamati hiyo hiyo ya ulinzi ilienda Laikipia ikasikiliza malalamiko ya watu juu ya jeshi la Uingereza, uharibifu wa mazingira ukiwemo. Ikiwa Laikipia iliwezekana, Kiunga kuna nini?

Lakini tusimngoje mbunge peke yake. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni. Viongozi wa BMU, vile vikundi vya wavuvi vya kusimamia fuo, za Kizingitini, Faza na Kiunga, kaeni na wazee wa Basuba muandike ombi moja, bahari na msitu pamoja, na mtake kamati zote mbili zije kukaa nanyi huko huko, si hoteli ya Shela.